Kabla hujauza kamera: kisa cha picha za shoo ya usiku Mtwara

Kijana wa miaka 21, mkazi wa Chikongola, alipiga picha 380 kwenye shoo moja ya usiku hapa Mtwara mwezi Novemba, na asubuhi yake hakuwa na hata kumi za kumtumia promota. Kabla wiki haijaisha alishapata mteja wa kununua kamera yake, na alishaulizia mkopo wa kuongezea ili anunue kubwa zaidi. Nilimwomba asimame kwanza. Aje na kadi, kamera, lenzi na mkoba wake, tukae tuzipitie picha zote, hasa zile mbovu. Tulichokikuta nakiandika kirefu maana vijana wengi wa Mtwara na Lindi wanaopenda picha za jukwaani wanafikia hapo hapo, na wengine wameshauza kamera isiyo na kosa lolote. Jina lake naliacha, la promota pia.

Kamera yake ni Canon EOS 700D, toleo la mwaka 2013, megapikseli 18. Aliinunua mkononi kwa mtu aliyekuja Mtwara enzi za ujenzi wa bomba la gesi. Kazi zilipoisha mtu yule akauza vitu na kurudi kwao. Lenzi ni ile inayokuja na kamera, zumu ya milimita 18 hadi 55. Mchana kijana anashinda steshenari: anachapa barua, anatoa kopi, anapiga paspoti. Wikiendi kuna harusi, sendofu na kicheni pati, na likizo za shule zikifika kuna sherehe za kutoa wali, yaani watoto wanaotoka jandoni na unyagoni, ambazo kwa wapiga picha wa huku kusini ni msimu kamili. Hizo ndizo zinazompa hela ya bando na ya nyumbani. Akipata asubuhi yake mwenyewe anapanda bodaboda hadi Mikindani, anapiga milango ya nyumba za zamani na Boma la Wajerumani lililojengwa 1895, au anashuka kivukoni kusubiri mashua za Msangamkuu. Picha zake za asubuhi ni nzuri, na sisemi hivyo kwa kumpendelea. Ana subira. Anamwacha mvuvi afike kwenye mwanga ndipo abonyeze.

Lakini moyo wake uko jukwaani. Amekulia mkoa mmoja na Harmonize, mtoto wa Chitoholi huko Tandahimba, na kwa vijana wa rika lake msanii mkubwa ni mtu anayeweza kutoka kijiji cha jirani. Shoo zenyewe huku zinafuata korosho. Minada inaanza Oktoba, vyama vikuu vya ushirika kama TANECU na MAMCU vinauza, RUNALI na Lindi Mwambao nao upande wa pili, na fedha zikishawafikia wakulima ndipo mabango ya burudani yanapobandikwa. Wasafi Festival ilipozinduliwa hapa, Uwanja wa Nangwanda Sijaona, ilikuwa Novemba 2018, msimu huo huo. Na ni wiki hizo hizo ambapo joto linapanda na hewa inajaa unyevu kabla mvua hazijashuka. Huo unyevu una kesi yake, nitaufikia.

Shoo ya kijana huyu haikuwa ya ukubwa huo. Uwanja wa wazi, jukwaa la mabomba na mbao, jenereta nyuma, wasanii wa singeli na bongo fleva wa hapa hapa, na mmoja kutoka Dar es Salaam. Malipo ya mpiga picha yalikuwa kuingia bure na ahadi ya kutajwa jina. Akasimama chini ya jukwaa, kati ya spika na baunsa, kuanzia saa tatu usiku mpaka saa saba.

Kadi ilisema nini

"Zote zimekufa, kaka," aliniambia. "Kamera imezeeka hii, usiku haiwezi."

Kamera huandika ndani ya kila picha namna ilivyopigwa: spidi ya shata (sehemu ya sekunde ambayo mwanga unaachiwa uingie), ukubwa wa kitundu cha lenzi (namba ya f, ikiwa ndogo kitundu ni kikubwa), ISO (kiasi kamera inavyoukuza mwanga ulioingia), lenzi ilivutwa hadi wapi. Kwenye 700D unabonyeza kitufe cha INFO picha ikiwa kwenye kioo, na vyote vinajitokeza. Watu wengi wana kamera miaka na hawajawahi kuzisoma namba hizo. Tulipozisoma kwa mpangilio wa saa, picha ambazo kwake zilikuwa zimeharibika kwa namna moja zikagawanyika zenyewe.

Saa ya kwanza na nusu alitumia modi ya P, akaiachia kamera ijipangie. Karibu kila picha ilikuwa na kitundu cha f/5.6, ISO 6400, shata 1/30 au 1/40. Chukua moja. Msanii wa singeli, fulana nyeupe, maiki mkono wa kulia. Nyuma yake nguzo za jukwaa na bango la mdhamini vimekolea kabisa, unasoma hadi namba ya simu iliyoandikwa chini kwa herufi ndogo. Msanii mwenyewe amekuwa michirizi mitatu ya weupe, na uso hauna macho. Picha hiyo inatosha kuisafisha kamera na mikono ya mpiga picha pia. Kama mikono ndiyo iliyotikisika, bango nalo lingetikisika. Lenzi yake ina kituliza mtikisiko, na kilifanya kazi yake vizuri, ila kinatuliza mkono wa anayepiga tu. Hakiwezi kumtuliza anayecheza singeli, muziki wenye mapigo zaidi ya 200 kwa dakika. Kwa mtu wa namna hiyo unahitaji shata ya 1/250 angalau.

Kwa nini kamera haikwenda huko? Kwa sababu haikuwa na mwanga wa kutosha kupita kwenye lenzi. Zumu hizi za bei ya chini, kadiri unavyovuta ndivyo kitundu kinavyobana. Kwenye milimita 18 inafunguka hadi f/3.5. Ukifika 55, umebaki na f/5.6, na mwanga unaoingia umeshapungua mara mbili na nusu. Naye alikuwa amevuta mpaka mwisho karibu muda wote, maana alitaka nyuso. ISO ilikuwa imegonga kikomo kilichowekwa kwenye mpangilio wa kujichagulia yenyewe. Kilichobaki cha kulegeza kilikuwa shata, na kamera ikailegeza.

Katikati ya shoo aliona kwenye kioo kwamba picha zinacheza, akahamia modi ya Tv, ambayo unachagua shata mwenyewe, na kuweka 1/500. Hapo alikuwa na akili nzuri, ila nusu ya hesabu ilimponyoka. Kutoka 1/30 hadi 1/500 umekata mwanga mara 16 hivi, na kitundu hakina pa kufungukia zaidi. Nilimuuliza kama aliona namba ya f ikipepesa ndani ya kioo cha kutazamia. Aliiona, akadhani ni betri. Kumbe Canon ikipepesa namba hiyo ndivyo inavyokuambia kwamba picha itatoka giza na yenyewe imefika mwisho wa uwezo. Picha za saa hiyo zikatoka nyeusi, yeye akaenda kuzing'arisha kwenye simu, zikajaa chengachenga. Ilikuwa JPEG, faili ambalo kamera imeshalibana, na JPEG iliyopigwa gizani haina kitu cha kufufua.

Zikawa na mistari pia. Mikanda ya giza na ya zambarau inayokata picha kwa mlalo, ambayo aliiita ubovu wa kamera, na ndiyo iliyomtia hofu kuliko vyote. Taa nyingi za jukwaani siku hizi ni LED, na nyingi kati ya hizo hupunguzwa ukali kwa kuwashwa na kuzimwa haraka kuliko jicho linavyoweza kuona. Hata taa za kawaida za umeme wetu wa hezi 50 hupiga mara 100 kwa sekunde. Sasa shata ya 700D ikipita 1/200 haifunguki yote kwa pamoja: pazia la pili linaanza kufunga kabla la kwanza halijamaliza kufungua, na sensa, kile kibamba cha ndani kinachopokea picha, inapata mwanga kupitia upenyo unaosafiri. Taa ikizimika upenyo ukiwa njiani, sehemu ile ya picha inabaki giza. Hakuna kilichoharibika. Ukishusha shata hadi 1/200 au 1/160 mikanda inafifia, kisha unamsubiri msanii pale anapofika juu ya mruko, au anapovuta pumzi kabla ya kuingia kwenye kiitikio. Kuna kamera zinazosubiri mpigo wa taa zenyewe. Canon walianza na 7D Mark II mwaka 2014, na hata hizo zinazijua taa za umeme wa kawaida, LED za jukwaani huzizidi mbio.

Kundi la tatu lilikuwa la nyuso nyekundu. Msanii wa Dar aliimba nyimbo mbili nzima chini ya taa nyekundu, na kwenye picha uso wake ni donge la rangi moja, halina pua wala shavu. Sensa ya kamera hizi imepangwa hivi: katika kila pikseli nne, mbili zinaona kijani, moja nyekundu, moja bluu. Mwanga ukiwa mwekundu mtupu, robo tu ya sensa ndiyo inayofanya kazi ya maana, na robo hiyo inaungua mapema huku kipimo cha kamera kikisema bado ni giza, ongeza. Dawa ni kupunguza mwanga kidogo makusudi, kupiga RAW (faili ghafi linalobakiza kila ilichoona sensa), kutazama grafu ya rangi tatu kwa kutenganishwa na si ile moja ya weupe, na zaidi ya yote kusubiri. Mwendesha taa hakai na nyekundu milele. Ikija ya manjano au nyeupe kwa sekunde mbili, hizo ndizo zako.

Leza pia zilikuwepo, zile za kijani. Kwa bahati hazikumpiga machoni mwa kamera. Leza ikiingia moja kwa moja kwenye lenzi inaweza kuunguza sensa na kuacha mstari ambao hautoki tena, kwa hiyo zikianza kuzunguka upande wako, shusha kamera. Na kuhusu kusimama saa nne karibu na spika: taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, inaweka kikomo cha dakika 15 kwa siku kwa sauti ya desibeli 100. Vizibo vya masikio vya sponji ni vya bei ndogo kuliko kitu kingine chochote kwenye mkoba wa mpiga picha wa shoo, na nilimwambia hili kabla sijamwambia la kamera.

Tochi ya simu

Kuna picha hazikuingia kwenye makundi hayo. Shata ilikuwa sawa, msanii ametulia, fokasi iko machoni, lakini picha nzima imefunikwa na weupe kama wa maziwa, na kila taa iliyo nyuma ya msanii imezungukwa na duara la mng'ao. Moshi wa jukwaani ungeweza kufanya hivyo. Ila picha nyingine zilipigwa kabla moshi haujawashwa.

Nikaitoa lenzi, nikafungua vifuniko vya mbele na nyuma, nikamulika tochi ya simu upande mmoja na kuchungulia upande wa pili kwa mshazari. Kwenye kioo cha ndani kulikuwa na nyuzi za kijivu nyembamba sana, zimeanzia ukingoni na kutawanyika kuelekea katikati, na vidoa vidogo mwishoni mwa kila uzi. Nikampa achungulie mwenyewe. Akanyamaza, kisha akauliza kama inafutika kwa kitambaa.

Haifutiki. Hiyo ni kuvu, na iko ndani. Inapenda giza, hewa iliyotulia na unyevu mwingi wa muda mrefu, na pwani ya Mtwara na Lindi inaipa vyote hivyo. Mkoba wake ni wa ngozi, unakaa juu ya kabati chini ya dari, na anaufungua wikiendi kwa wikiendi. Nilipouingiza mkono ulikuwa na ubaridi wa unyevu na harufu ya viatu vilivyolowa. Kuvu ikikaa sana inatoa asidi inayokula rangi ya juu ya kioo, na hapo hata fundi akiisafisha alama inabaki.

Swali lake lililofuata lilikuwa la haki kabisa: mbona harusini haionekani? Harusini anapiga na flashi, mwanga unatoka upande wake na kumwangukia maharusi. Jukwaani taa ziko nyuma ya msanii, zinamtazama mpiga picha. Mwanga unaoingia lenzi uso kwa uso ndio unaoziwasha zile nyuzi zote. Lenzi yenye kuvu inaweza kupita sendofu nyingi bila mtu kuijua, ikaja kuumbuka usiku mmoja wa shoo.

Friji la mama

Kamera aliyokuwa anaitaka ni Canon EOS 6D, ya mwaka 2012, iliyotumika, sensa ya fremu nzima. Ni kamera nzuri, na sitaki kuidharau ili nishinde hoja. Pointi yake ya katikati inashika fokasi kwenye giza ambalo 700D inahangaika, na sensa yake ina eneo kubwa mara mbili na nusu, kwa hiyo chenga zinapungua. Pesa ingetoka sehemu mbili: kuuza 700D pamoja na lenzi yake, na mkopo wa wiki kwa wiki, wa wale tunaowaita kausha damu. Dhamana ilikuwa friji la mama yake, ambalo mama huyo analitumia kuuzia barafu na juisi.

Tulienda nyumbani kwao. "Shikamoo mama." "Marahaba baba, karibu." Alishajua nimefuata nini.

"Friji nitalitoa, ni mwanangu," alisema. "Ila wewe ni mkubwa wake kwenye kazi hii, niambie. Hiyo kamera ikija, wale wenye shoo ndiyo wataanza kumlipa?"

Nimekaa kwenye mazungumzo mengi ya vifaa vya picha na sijasikia swali zuri kuliko hilo. Shoo ile haikumlipa senti. Ingemlipa nini na kamera nyingine? Rejesho la wiki moja lilikuwa linazidi anachobaki nacho baada ya sendofu moja, na kuna wiki hazina sendofu. Mfungo wa Ramadhani ukiingia, harusi zinasimama mwezi mzima. Mkopo hausimami.

Halafu kuna jambo ambalo hakuna aliyemwambia, wala muuzaji. Lenzi za Canon zilizoandikwa EF-S zimetengenezwa kwa kamera za sensa ndogo peke yake. Tazama mdomo wa 700D pale lenzi inapofungwa: kuna kidoti chekundu na kiboksi cheupe. EF-S inafuata kiboksi cheupe. Kwenye 6D kipo kidoti chekundu tu. Lenzi yake, hata ingekuwa haina kuvu, isingefunga. Angerudi Chikongola na bodi, yaani kamera bila lenzi, ya fremu nzima, deni la kila wiki, na hana lenzi ya kuipigia picha hata ya paspoti.

Tukafanya hesabu kwenye karatasi mama akiwa amekaa nasi. Sensa kubwa inamwongezea mara mbili na nusu hivi. Lenzi ya milimita 50 yenye kitundu cha f/1.8 inaingiza mwanga zaidi ya mara tisa kuliko zumu yake ikiwa kwenye f/5.6, na bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya bodi. Mikanda ya LED? 6D nayo haina kipengele cha kusubiri mpigo wa taa. Uso mwekundu? Sensa yake imepangwa pikseli kwa mtindo ule ule. Kuvu iko kwenye lenzi. Kati ya mambo manne yaliyoua picha zake, bodi mpya ingesaidia moja, tena nusunusu.

Mama akasema friji linabaki. Kijana hakufurahi siku ile, na sikutarajia afurahi. Mtu aliyeshajiona mkononi ana kamera fulani haachi kwa hesabu ya karatasi. Aliondoka bila kumaliza juisi yake.

Kilichofanyika

Lenzi ya 50 f/1.8 STM, iliyotumika, ilipatikana Dar es Salaam na kuletwa kwa basi, kilomita 560 hivi. Aliinunua kwa akiba ya kutoa wali za Desemba. Kitu cha kwanza alichofanya alipoipokea stendi, kabla hajamalizia malipo, ni kuimulika tochi. Ilikuwa safi. Zumu ya zamani hatukuipeleka kwa fundi, kwa kuwa gharama ya kuifungua na kuisafisha ingekaribia bei ya kupata nyingine. Anaitumia mchana na kwenye flashi, huku akijua mipaka yake.

Mkoba wa ngozi sasa unabeba chaja na nyaya. Kamera na lenzi zinakaa kwenye kontena la plastiki lenye mpira kwenye mfuniko, pamoja na vipakiti vya silika, vile vyenye punje zinazobadilika rangi zikishiba maji. Zikibadilika anazikausha kwa moto mdogo na kuzirudisha. Unyevu wa asilimia 40 hadi 50 ndani ya kontena unatosha. Wapo wanaoweka mchele. Mchele una vumbi na haunyonyi inavyotakiwa. Akitoka kupiga Shangani au kivukoni anafuta bodi kwa kitambaa chenye maji baridi kidogo kilichokamuliwa, kisha kikavu, maana chumvi ya bahari inakula vitufe polepole.

Upigaji wenyewe ulichukua muda mrefu kuliko kununua. Lenzi inayofunguka f/2 inasamehe giza na haisamehe fokasi. Kwenye 700D, ukiwa mita 5 kutoka kwa msanii, kinachokolea mbele na nyuma ni kama sentimita 75 kwa jumla. Ukisogea mita 3, zinabaki kama 27, na maiki inaweza kukolea huku macho yamepotea. Kamera yake ilikuwa inachagua pointi za fokasi yenyewe, zote tisa, na ilipenda kushika stendi ya maiki. Tukabakiza ya katikati, fokasi ya kumfuata anayetembea, modi ya M, f/2, shata 1/250 ikishuka 1/160 taa zikileta mikanda, kipimo cha mwanga usoni na si kwenye jukwaa zima, RAW badala ya JPEG. Faili moja inazidi MB 20, kwa hiyo ilibidi kadi ya pili. Mazoezi alifanyia kwenye ngoma za mtaani jioni, ambako hakuna anayedai picha na taa ni balbu moja.

Agosti alikwenda Lindi, viwanja vya Ngongo, siku za Nane Nane. Mchana mabanda, ng'ombe na mbegu. Jioni jukwaa, vikundi vya ngoma na wasanii wachanga. Nilizipitia picha hizo pia. Mcheza sindimba ametua kwenye goti moja, jasho limesimama kwenye paji la uso, vumbi limeganda hewani nyuma ya kisigino chake, na kengele za mguuni unaweza kuzihesabu. Ilipigwa kwa kamera ile ile iliyotaka kuuzwa.

Zilizoharibika zipo. Mcheza wa miguu ya miti alipopanda, kijana hakuweza kumwingiza mzima kwenye fremu: milimita 50 kwenye sensa ndogo inaona kama 80, haina kurudi nyuma, na nyuma yake kulikuwa na watu wamebanana. Kichwa kipo, miti imekatwa. Alitakiwa awe na ile zumu mfukoni kwa tukio kama hilo, na mwanga wa jioni ile bado uliiruhusu. Nyimbo za mwisho zina mikanda, kwa kuwa alipandisha shata akisahau taa ni za aina gani. Kiongozi wa kikundi cha ngoma alinunua picha za kikundi chake, akalipa papo hapo kwa simu, na akauliza kama anaweza kuwafuata kwenye shughuli nyingine.

Kuna la promota wa ile shoo ya Novemba. Moja ya picha chache zilizopona ilitokea kwenye bango la shoo iliyofuata, jina la mpiga picha limekatwa. Kijana alifurahi kuiona. Mimi sikufurahi, na nilimwambia hivyo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inailinda picha tangu inapopigwa, haisubiri kusajiliwa popote, na ahadi ya mdomo ya kutajwa jina si ruhusa ya kutengeneza bango. Mtu anayeingiza watu kwa kiingilio ana hela ya kumlipa anayempigia picha, hata ikiwa ndogo.

6D bado anaitaka. Sina pingamizi tena, ikiwa ataichukua kwa fedha taslimu, kwa sababu ile 50 ni EF kamili na inafunga kwenye kidoti chekundu cha kamera zote mbili. Bodi ikija itakuta lenzi inaisubiri. Kwa sasa amemwandikia promota ujumbe kuhusu shoo ya msimu huu akiweka mambo matatu: malipo ya nusu kabla, jina kwenye kila picha itakayotumika, na ruhusa ya kusimama ubavuni mwa jukwaa badala ya chini ya spika. Mawili yamekubaliwa. La malipo ya nusu bado wanavutana.